Pipa la Limbuko

Tangawizi ukiiona sokoni imetakata unaweza kudhani ilizaliwa hivyo. Ikichimbwa huku milimani Upareni hutoka na udongo mwekundu uliojibana katikati ya vidole vyake, na vidole vya tangawizi havina mpangilio, kimoja kinatazama Same, kingine kinatazama Tanga. Unaiosha kwa mikono mpaka kucha zinauma. Ukiisugua sana inachubuka, mnunuzi anaikataa. Usipoisugua, anaikataa vilevile. Kwa hiyo mtu atakayepata njia ya kuiosha upesi bila kuichubua, huyo ana jambo lake. Na katika kijiji hiki mtu huyo alikuwa Anaeli, na hapo ndipo ugonjwa wa Sadock ulipoanzia.

Sadock alikuwa fundi wa kuchomelea. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara inayopanda kutoka mjini Same, na mageti mengi unayoyaona ukipita huko ni kazi ya mikono yake. Alikuwa fundi kweli, si wa kubahatisha. Anaeli yeye alikuwa mkulima tu, tena shemeji yake, maana alimwoa Irine, mdogo wake Sadock. Walikua pamoja, wakapata kipaimara siku moja, na mpaka leo Sadock anakumbuka kwamba siku ile mchungaji alikaza mkono juu ya kichwa cha Anaeli muda mrefu kuliko alivyofanya kwake.

Basi Anaeli alikuja karakana na pipa la mafuta, tupu. Akasema anataka likatwe mlango ubavuni, litobolewe matundu madogo madogo, lipitishwe chuma katikati na mkono wa kuzungushia, lilale juu ya mfereji liwe linachota maji linavyozunguka. Sadock akakata, akatoboa, akachomelea. Akalipwa kama fundi anavyolipwa, wakaagana. Hakuwaza kitu. Alianza kuwaza pale watu walipoanza kupita mbele ya karakana yake kwenda kuona mashine ya Anaeli.

Mashine ya Anaeli. Hakuna aliyesema pipa la Sadock. Bwana shamba alipita na pikipiki, akapunga mkono, hakusimama. Wageni fulani wenye gari walisimama, Sadock akafuta mikono upesi, kumbe walitaka kuelekezwa kwa Anaeli. Aliwaelekeza. Aliwaelekeza njia ndefu kidogo, ile ya kuzunguka shule, lakini aliwaelekeza.

Sasa sijui kama wewe unatoka mahali wanapotoa limbuko. Huku ni jambo la kawaida. Mahindi ya kwanza unapeleka kanisani, maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, hata kijana akipata mshahara wa kwanza. Ibada ikiisha vile vitu vinanadiwa nje, kuku, miwa, mikungu ya ndizi, na fedha inaingia sadakani. Anaeli alikaa akafikiri kwa namna yake. Kama tangawizi ya kwanza naitoa, pipa la kwanza nitalizuiaje? Jumapili moja akalibeba kwa mkokoteni mpaka kanisani.

Aliyekuwa akinadi alikuwa mzee wa kanisa, Tumainieli, mtu wa maneno mengi.

"Huyu hali majani," alisema akilipiga pipa kofi. "Hahitaji dume, na hatoroki. Nani anaanza?"

"Kwanza tuambiwe linafanya nini," mama mmoja akasema. "Nisije nikanunua kengele."

Anaeli akaitwa mbele. Akaeleza. Alieleza maji yanavyoingia, yanavyotoka, kwa nini matundu ni madogo, azungushaye azungushe kwa mwendo gani. Alizungusha mwenyewe mbele ya usharika wote, watu wakapiga makofi, na waliokuwa na simu wakampiga picha. Mtu mmoja wa Bendera, kule bondeni, aliyepanda kumtembelea binti yake, akataja bei. Akaipandisha mwenyewe kabla hajajibiwa.

Sadock alikuwa amesimama nyuma. Hakuwa na haja na pipa. Lakini alianza kuliona likishuka mpaka Bendera, limewekwa uani kwa watu, na kila anayeingia anauliza nani alitengeneza hii, na anajibiwa Anaeli. Jina linashuka bondeni kwa miguu yake lenyewe. Mkono wake ukanyanyuka. Mke wake, Agnes, alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyesimama katikati ya mahubiri. Yule wa Bendera akaongeza, Sadock akaongeza, mpaka yule bwana akacheka akasema mpeni, huyu ana shida kuliko mimi.

Anaeli alikuja akamshika mkono kwa mikono miwili. "Shemeji, umenitia moyo sana."

Hilo lilimchoma zaidi. Ukimwonea mtu wivu, heri akutukane. Akikushukuru huna pa kushika.

Pipa lilikwenda nyuma ya nyumba, kati ya migomba, likafunikwa magunia.

"Tumenunua pipa la kufunika?" Agnes aliuliza.

"Ni akiba."

"Akiba ya nini?"

"Ya pipa."

Agnes akaenda zake, na tangawizi yake akaendelea kuipeleka kwa Anaeli, ambaye sasa alikuwa na pipa la pili, nalo limekatwa karakana kwa Sadock. Huko hakukuwa na kusimama mtu. Irine alikuwa na mchicha wake kando ya mfereji na hakutaka ukanyagwe, kwa hiyo unaacha gunia getini asubuhi, Anaeli anazungusha mwenyewe, jioni unachukua. Agnes alikuwa akirudi na tangawizi safi anaipanga barazani, anasema, "Angalia inavyong'aa." Sadock alikuwa anaangalia upande wa mlima.

Msimu huu tangawizi ya Anaeli ikaanza kung'aa zaidi. Ule udongo wa katikati ya vidole, ambao pipa lenyewe halikuuweza, ukawa hauonekani. Sadock hakuelewa, mpaka siku Anaeli alipomletea pipa la pili lina ufa, achomelee.

"Fungua hizo za ndani zisiungue," Anaeli alisema. "Utanirudishia tu kama zilivyo."

Ndani zilikuwa kamba za katani, fupi, zimefungwa kwa safu zilizonyooka, ncha zake zimechambuliwa. Katani ikilowa inalainika. Pipa likizunguka, zile ncha zinaingia katikati ya vidole vya tangawizi kama kidole cha mama kinavyosafisha sikio la mtoto, zinatoa udongo, ngozi haiguswi. Sadock alizifungua moja moja. Kwa kila moja alikuwa akijiambia kwamba kitu hiki ni chepesi mno, mtu yeyote angekiwaza, na kila alipojiambia hivyo alijua kwamba yeye hakukiwaza. Alichomelea ufa, akazirudisha kama zilivyokuwa. Kazi safi. Halafu akaenda dukani akanunua kamba ya katani.

Alifanyia nyuma ya migomba, mchana, Agnes akiwa shamba. Alifunua lile pipa la kanisani, akafunga kamba ndani. Lakini mkono wa fundi si mkono wa mkulima. Alipozifunga safu ya kwanza aliona zimenyooka kipumbavu, akakumbuka parafujo inavyosogea mbele ikizungushwa, akazifungua, akazifunga kwa mshazari, zizunguke kutoka upande mmoja mpaka mlangoni. Akatia maji, akatia tangawizi aliyoiba jikoni kwake mwenyewe, akazungusha. Tangawizi ikaoshwa, na ikawa inasogea yenyewe kuelekea mlangoni, kidole kwa kidole, ikadondoka kwenye beseni bila kuguswa.

Alikaa chini. Halafu akacheka peke yake. Halafu raha ikamtoka, maana hakuwa na mtu wa kumwambia. Atasemaje mshazari ni wake bila kusema kamba alizitoa wapi? Akafunika magunia, akarudi karakana, na kila siku iliyofuata alimwona Anaeli akipita akajisemea moyoni, mimi ninalo zuri kuliko lako, na wewe hujui. Ni neno tamu hilo, lakini halishibishi.

Desemba watu wakarudi nyumbani kama kawaida, na kati yao alikuwa Dorkas, binti wa marehemu kaka yake Anaeli. Huko Dar es Salaam kazi yake ni kuwasaidia wabunifu kuandika maombi ya hataza. Alipoona pipa akamwambia baba yake mdogo kwamba hilo linafaa kuombewa. Anaeli akamwita na Sadock aje asikilize, maana, alisema, shemeji ndiye fundi wangu. Fundi wangu. Sadock alilimeza hilo pamoja na chai.

"Shikamoo mjomba," Dorkas alisema.

"Marahaba. Naona mnaandika."

"Tunaanza. Baba mdogo, hataza si cheti cha pongezi. Ni karatasi ya serikali inayosema kitu hiki umekibuni wewe, na kwa miaka fulani mwingine asikitengeneze kwa biashara bila ruhusa yako. Lakini lazima kiwe kipya. Kisiwe kimeshaonekana kwa watu."

"Kipya kabisa," Anaeli alisema. "Kilionekana kanisani tu."

Dorkas aliinua kichwa. "Kanisani kivipi?"

"Nilikitoa limbuko. Mwaka juzi. Kikanadiwa."

"Mbele ya nani?"

"Usharika. Na wageni."

"Ulieleza linavyofanya kazi?"

"Nilieleza vizuri sana. Walipiga makofi."

Dorkas akaweka kalamu mezani taratibu. Irine, aliyekuwa anamimina chai, akasimama na birika mkononi. "Kwani kumpa Mungu limbuko ni kosa?"

"Si kosa, mama mdogo. Ila kitu ulichokieleza hadharani, na miaka imepita, huwezi kurudi ukasema ni kipya. Wale wanaopima maombi wataliuliza hilo kwanza. Pipa limeshakuwa la watu."

Sadock aliangalia kikombe chake. Kitu kitamu kilimshuka moyoni polepole. Aliogopa uso usije ukamsema.

Anaeli alimgeukia Dorkas. "Basi pipa liende. Na kamba je?"

Wakaenda mferejini kuzitazama. Dorkas aliinama akachungulia ndani ya pipa la pili muda mrefu. Akauliza kama watu wanaona ndani, akaambiwa habari ya mchicha na getini. Uso wake ukachangamka tena.

"Hizi ndizo tuziombee," alisema. "Mapipa yapo tangu zamani. Hizi sijaziona popote. Lakini nihakikishe, zilikuwepo kwenye lile la kanisani?"

"Hapana," Anaeli alisema. Akakuna kichwa. "Nadhani hapana. Nilijaribu vitu vingi, mwanangu. Nilitia ufagio, nikatia chandarua, nikatia maganda ya nazi."

"Mimi ndani sikuchungulia," Irine alisema. "Nilizungusha tu."

"Kama zilikuwepo, na zilionyeshwa, basi na zenyewe zimeondoka. Lile pipa liko wapi nilione?"

Wote wakamgeukia Sadock.

"Lipo," alisema. "Labda limeshika kutu."

"Kesho asubuhi nitapita, mjomba."

Asubuhi Sadock aliamka mapema akaenda kwenye migomba na kisu. Jambo lilikuwa rahisi, azikate zile kamba, azitupe chooni, pipa libaki tupu kama lilivyotoka kanisani. Alifunua gunia, akaingiza mkono. Akagusa safu ya kwanza, ya pili, namna zilivyofuatana kwa mshazari bila kupishana hata kidogo. Hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Geti ni geti, yeyote anafanya geti. Akarudisha kisu mfukoni, akajiambia akifika mtu atajua la kusema.

Walifika wote watatu, Dorkas, Anaeli na Irine, na Agnes akatoka jikoni naye aone hiyo akiba ya pipa. Dorkas akafunua, akafungua mlango, akamulika ndani kwa simu. Akasogea pembeni ili Anaeli aone.

Anaeli aliinama. Alikaa hivyo kitambo. Aliponyanyuka alikuwa kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa mbali.

"Zimo," alisema.

"Una uhakika ulizitia wewe?"

"Zimo, mwanangu. Nimesahau tu. Kama zilikuwemo siku ile, zilikuwemo. Siwezi kuweka sahihi kwenye karatasi ya uongo."

Sadock alisimama kando ya mgomba. Kilichotakiwa kwake kilikuwa kidogo mno, kunyamaza tu. Hakuna aliyemuuliza. Anaeli mwenyewe alikuwa anajinyang'anya kwa mikono yake. Hataza haitakuja, jina halitashuka bondeni, kesho watakuwa sawa tena, mkulima na fundi. Kinywa chake kilikuwa kimefungwa na kimetulia.

Anaeli akainama tena, safari hii akaingiza mkono. Akafuata safu kwa kidole, akaanza kutikisa kichwa kwa mshangao.

"Lakini mbona nilizifunga mshazari?" alisema. "Tazama, Dorkas. Zinasukuma kuja mlangoni. Tangawizi ingetoka yenyewe." Akacheka kwa huzuni. "Yaani miaka miwili iliyopita nilikuwa na akili kuliko sasa. Hapa nilikuwa nimeipata kabisa, nikaisahau. Mungu alinipa kitu kikubwa hivi, na mimi—"

"Huo mshazari ni wangu," Sadock alisema.

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, kuku wakasogea.

"Wako?"

"Ni wangu. Kamba umezibuni wewe, sawa. Lakini mshazari hukuuwaza, hukuuota, hujawahi. Zako zimenyooka kama uzio. Mimi ndiye nimeufunga, msimu huu, kwa mikono hii, baada ya kuchomelea ule ufa. Pipa lilitoka kanisani tupu."

Kisha akasikia alichokisema. Wenzake walikuwa wamekisikia kabla yake.

"Ulizitoa kwangu," Anaeli alisema.

"Nilizifungua zisiungue. Nikaziona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Irine alimtazama kaka yake, akajifunga kanga vizuri, akaondoka bila kuaga. Agnes alikuwa akitazama kucha zake. "Na mimi msimu mzima nabeba magunia kupeleka mlimani," alisema, "na hili liko nyuma ya jiko langu. Nilidhani kuna kitu amefuga humu."

Dorkas peke yake ndiye aliyekuwa na maswali. "Mjomba, huu mshazari nani ameuona?"

"Hakuna."

"Fundi mwenzako? Mteja?"

"Hata mke wangu. Umemsikia."

"Basi nao ni mpya," Dorkas alisema. Akamtazama Anaeli, akasitasita. "Baba mdogo, usinichukie. Kwa mambo ya hataza mtu anatakiwa afunike kitu chake mpaka maombi yafike. Mjomba ndiye aliyefanya inavyotakiwa."

Pengine hakupaswa kulisema siku ile. Anaeli, aliyefungua kila kitu chake mbele ya watu, alimtazama Sadock aliyefunika, na kwa mara ya kwanza tangu kipaimara Sadock aliona machoni mwa shemeji yake kitu alichokijua vizuri, maana yeye alikuwa amelala nacho miaka. Hakikumfurahisha. Alidhani kitamfurahisha.

"Mshazari bila kamba hauwezi kusimama," Dorkas aliendelea, "na kamba zikiwa na mshazari zinakuwa na nguvu zaidi. Ombi lingekuwa moja, la watu wawili, na mambo ya kanisani tutayaandika kama yalivyo. Lakini kamba ni za baba mdogo. Akisema peke yake, ni peke yake, na mshazari hatuugusi."

"Nitasema," Anaeli alisema, akaenda.

Alikaa siku kadhaa bila kupita karakana. Alikuwa akipita njia ya kuzunguka shule. Sadock alichomelea dirisha la mtu likawa kombo, akalikata, akaanza upya. Kanisani walikaa viti mbalimbali, na Irine alipowapa watu mkono mlangoni alimruka kaka yake kama anavyorukwa mtu mwenye kikohozi. Dorkas alikuwa karibu kurudi Dar es Salaam.

Siku ya mwisho kabla binti hajaondoka, Anaeli alisimama mlangoni pa karakana. Hakuingia.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Nilikuja jana ukiwa Same. Agnes akanifungulia. Nimelizungusha lile lako."

"Ulizungusha kwa mwendo gani?"

"Polepole."

"Polepole ndiyo."

"Inatoka yenyewe," Anaeli alisema. "Mimi nilikuwa naitoa kwa mkono, najikwaruza na huo mlango wako ulioukata vibaya."

"Mlango ule haukukatwa vibaya."

"Umekatwa vibaya, shemeji." Akautazama mkono wake. "Nilifikiri niandike jina langu peke yangu, na kamba zilizonyooka. Nikaona kila nitakapozungusha pipa nitakuwa naziona zimenyooka. Umeniharibia macho. Twende, binti anangoja."

Kwa Anaeli, Irine aliweka vikombe mezani. Cha Sadock alikiweka mbali kidogo, ikambidi anyooshe mkono, lakini alikiweka. Dorkas akasoma alichokiandika. Alieleza kwamba sehemu kubwa ya yote ni madai, yale maneno yanayosema hasa kipi ni kipya, na kwamba hakuna ahadi, wataalamu watapima na huenda wakachukua muda mrefu sana kujibu. Dai la kwanza lilikuwa la kamba. Lilikuwa refu. Sadock alisikiliza akihesabu maneno yake, akiona kwamba binti amelipendelea, kamba ni kamba, maneno yote yale ya nini.

Kisha Dorkas akasoma la pili. Kwamba kamba hizo zimefungwa kwa mshazari kuzunguka ukuta wa ndani, hivi kwamba mzunguko wa pipa wenyewe unasukuma tangawizi kuelekea mlangoni bila kuguswa na mkono wa mtu. Nje maji yalikuwa yakipita mferejini.

"Lisome tena," Sadock alisema.

"Lote, mjomba?"

"Hilo la pili tu."

Anaeli akasukuma kikombe pembeni. "Soma na la kwanza," alisema. "Nalo nalitaka tena."